Nionyesheni Alipopita Yasmin

Nianze kwa kukiri kwamba nililipa. Dola 20 kwa kichwa, vichwa viwili, mimi na shangazi yangu, kwa matembezi ya siku moja ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Nasema mapema ili mtu asije kuniambia nalalamikia chakula nisichokionja. Nimekionja, na nimekula mpaka mwisho.

Shangazi kastaafu ualimu. Amefundisha Kiswahili sekondari, Morogoro, kwa zaidi ya miaka 30, na katika miaka hiyo *Kuli* na *Vuta N'kuvute* za Adam Shafi zimepita mikononi mwake mpaka majalada yakatoka. Zanzibar hakuwahi kufika. Si yeye peke yake. Ukiwauliza walimu wengi wa fasihi huku bara watakwambia hivyo hivyo, nauli ya boti na ada za watoto havikai mfuko mmoja. Basi pensheni ilipotulia nikamwambia, Shangazi, twende. Akafunga kibegi kidogo, ndani yake kaweka kanga mbili, dawa za presha na nakala ya *Vuta N'kuvute* yenye mistari ya kalamu nyekundu.

Tulishuka botini bandari ya Malindi. Kijana wa kututembeza alikuwa anatungoja getini pamoja na wageni wengine sita, Wazungu watatu na familia ya Wahindi kutoka Nairobi. Shangazi akasimama katikati ya watu wenye mizigo, akageuka huku na huku. "Mwanangu," akamwambia yule kijana, "hapa ndipo walipogomea makuli mwaka 1948?" Kijana akatabasamu kwa adabu, akaangalia saa. "Mama, tutachelewa. Tuanze Forodhani."

Hapo ndipo nilipoanza kukasirika, na hasira hiyo ndiyo ninayoiandikia. Mgomo wa makuli wa 1948 ulikuwa jambo kubwa, ulisimamisha mji, na mwandishi wa Kizanzibari ameuandikia riwaya ambayo maelfu ya wanafunzi wa Tanzania na Kenya wameisoma. Wageni wote wa boti wanashukia bandarini. Kila siku, mizigo mkononi, wanakanyaga ukurasa wa *Kuli*, na hakuna anayewaambia hata sentensi moja. Rashidi, mtoto wa kuli aliyekuja kuwa kuli, hana hata kibao.

Tuliambiwa nini basi? Tuliambiwa, kwa Kiingereza, kwa sababu matembezi ya Kiswahili hayakuwepo. Nilipoyaomba wakati wa kulipia nilijibiwa kwamba Wabongo mnajijulia wenyewe. Tuliambiwa kwamba vita vya tarehe 27 Agosti 1896 ndivyo vifupi kuliko vyote duniani, havikufika saa moja. Wageni walicheka. Sijui kwa nini watu hucheka wakisikia habari hiyo. Watu walikufa mle ndani ya kasri kwa mizinga ya Waingereza, ufupi wake ndio ulioua. Tukaonyeshwa Beit al-Ajaib ya Sultani Barghash, ya 1883, ikiwa imezungushiwa mabati tangu sehemu yake ilipoporomoka Desemba 2020. Tukapelekwa Shangani, kwenye nyumba ya Freddie Mercury.

Sina ugomvi na Freddie Mercury. Alizaliwa hapa mwaka 1946, Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi, familia yake ikaondoka 1964 baada ya Mapinduzi. Ni mtoto wa Unguja, na sauti yake hakuna wa kuipinga. Ila naomba mtu anieleze hesabu hii. Aliyeondoka akiwa kijana, akaimba Kiingereza London, anapata kituo kizima cha matembezi, na picha, na duka. Siti binti Saad aliyetoka Fumba akaja mjini, akaimba kwa Kiswahili, akaenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, akaandikiwa wasifu na Shaaban Robert mwenyewe, siku nzima hakutajwa. Hata jina. Nilihesabu.

Kwa Tippu Tip tulisimama dakika nne mbele ya mlango. Mfanyabiashara wa watumwa na pembe, twendeni. Ni kweli, alikuwa hivyo, wala sitaki aoshwe. Lakini mtu huyo huyo aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, akampa Mjerumani Heinrich Brode aliyeyachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Ni kati ya tawasifu za kwanza kabisa za lugha yetu. Ukiisoma unasikia mtu anayehesabu pembe na watu kwa pumzi moja, kwa utulivu unaotia baridi. Hakuna mwongozaji atakayeeleza biashara ile kama anavyoieleza mwenyewe bila kujua kwamba anajishitaki. Na sisi tunapiga picha mlango!

Kuhusu milango, tuliambiwa misumari ya shaba imewekwa kuzuia tembo wasisukume. Shangazi akaniinamia sikioni: "Tembo? Unguja?" Misumari hiyo India ilikuwa na kazi, hapa ilikuja kama pambo. Lakini hadithi ya tembo inauza, na inarudiwa kila kona ya mji.

Sasa nifike kwenye kiini cha ugomvi wangu, maana najua jibu ninalosubiriwa nalo. Nimeshalisikia kwa rafiki yangu mmoja, msomaji mzuri tu: riwaya ni uongo, bwana, utamwonyesha mtalii nyumba ya mtu ambaye hakuwahi kuishi? Matembezi yanahitaji mambo ya kweli.

Mambo ya kweli yapi, ya tembo? Au yale ya Mkunazini? Kule tuliingizwa chini ya jengo la Mt. Monika, kwenye vyumba vya dari fupi, tukaambiwa hapa ndipo watumwa walipofungiwa kabla ya kupelekwa mnadani. Yule mama wa Kihindi alitokwa na machozi. Soko la watumwa lilikuwepo pale, hilo halina shaka, na lilifungwa mwaka 1873. Lakini wapo wanahistoria wanaosema kwamba jengo lile lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa. Mateso ni ya kweli. Chumba ndicho chenye maswali. Na kesho yake tungeweza kupelekwa Changuu, kisiwa kinachouzwa kwa jina la gereza lililojengwa 1893 na ambalo halikutumika kama gereza, likawa karantini ya wagonjwa.

Kwa hiyo matembezi haya tayari ni riwaya. Yana wahusika wakuu (sultani, mfanyabiashara wa watumwa, mwanamuziki), yana vitisho na kichekesho, yana mambo ya kubuni ambayo hayajiiti ya kubuni. Tatizo langu ni kwamba ni riwaya mbaya. Wahusika wake wote ni matajiri au maiti. Wanaoishi mjini wameandikwa kama pazia la nyuma: Jaws Corner tulipita wazee wakinywa kahawa na kubishana siasa, kwa Kiswahili kitamu ambacho mwanafasihi angelipia kukisikiliza, tukaambiwa tuwapige picha kwa heshima. Kwa heshima! Hakuna aliyetoa salamu isipokuwa Shangazi. Yeye akaamkia, akaulizwa katoka wapi, akaulizwa mvua za Morogoro, na kundi likatuacha nyuma.

Na hao wanaosema huwezi kumwonyesha mtu nyumba ya mhusika wa kubuni, waende London, 221B Baker Street, wakahesabu foleni ya wanaotaka kuona chumba cha Sherlock Holmes ambaye hakuzaliwa wala hakufa. Waende Dublin tarehe 16 Juni waone watu wazima wakifuata nyayo za Leopold Bloom, duka kwa duka. Sisi tunaye Bwana Msa! Mohamed Said Abdulla alimpa kiko na akili tangu *Mzimu wa Watu wa Kale*, akamtembeza Unguja hii hii akifumbua mauaji. Mpelelezi wetu wa kwanza mkubwa, na hana hata kikombe cha kahawa chenye jina lake. Vifulana vya "Hakuna Matata" vipo vya kila rangi.

Gurnah alitajwa. Mara moja, tulipokuwa tunavuka uchochoro, kwa sababu ya Nobel ya 2021. Mwongozaji alisema "mshindi wetu" kisha akauliza nani anataka juisi ya miwa. *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka uliofuata, hakuna aliyeigusia.

Hata kanisa kuu la Kianglikana tuliambiwa nusu. Tulionyeshwa altare, tukaonyeshwa msalaba wa Livingstone. Askofu Edward Steere aliyelijenga alitajwa kama mjenzi tu. Huyo ndiye aliyekaa na watu wa Unguja akaandika ngano zao kama walivyozisimulia, akazichapisha London mwaka 1870. Mle ndimo ilimo hadithi ya maskini Hamdani na paa wake, aliyemsahau paa baada ya kupata utajiri. Shangazi alitusimulia hadithi hiyo tukiwa watoto, na hakujua kwamba aliyeiweka kwenye karatasi ndiye aliyejenga kuta zilizokuwa mbele yake. Nilipomnong'oneza alinyamaza kitambo. "Kumbe," akasema. Neno moja tu. Sijaona uso wa namna hiyo mbele ya nyumba ya Freddie.

Matembezi yalikwisha Darajani, sokoni, saa tisa. Darajani! Jina lenyewe linakwambia palikuwa na daraja, na daraja huvusha. Upande huu Mji Mkongwe, katikati ghuba iliyofukiwa ikawa barabara, upande wa pili Ng'ambo. Yasmin, mke kijana wa mzee Raza, anapokataliwa na jamaa zake anakimbilia Ng'ambo, chumbani kwa Mwajuma, na *Vuta N'kuvute* nzima inageukia hapo: binti wa Kihindi anavuka kwenda kuishi na watu ambao kwao alifundishwa kutokwenda. Barabara ni ya kuvuka kwa dakika moja. Kundi letu halikuvuka. Kila mmoja alirudishwa hotelini kwake, na nina hakika kesho yake kundi jingine liliishia pale pale. Wakoloni waliugawa mji, na matembezi yanaulinda mgawo huo bila mshahara.

Nilimgeukia mwongozaji nikamwaga yote, kwa Kiswahili. Alinisikiliza, akavua kitambulisho, akakitia mfukoni.

"Yakhe, unadhani sijui?" akasema. "*Vuta N'kuvute* mimi nimefanyia mtihani kidato cha sita. Denge namjua, Mwajuma namjua. Lakini wageni hawaulizi hawa. Wanakuja na orodha. Na nyie Wabongo ndio mnaoulizia, lakini mnataka bure."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina zuri. Maana anachosema ni kweli, na hapo hasira yangu inabidi inirudie mwenyewe, na ninyi wenzangu mnaosoma hapa. Tumeandika makala ngapi juu ya vitabu hivi? Tunachambua wahusika, dhamira, matumizi ya lugha, tunagombana kuhusu mwisho wa riwaya. Mandhari tunaipa mstari mmoja. Filamu ya Amil Shivji ilipokwenda Toronto 2021 tulishangilia, tukabandika bango kila mahali, na hakuna aliyesema basi tuchore ramani. Kijana yule anajua kitabu, anajua mji, ana miguu. Kinachokosekana ni watu kumi wanaolipa kila mwezi kwa kumwambia: tupeleke kwa Kiswahili, tuanzie bandarini kwa makuli, tuishie Ng'ambo. Sisi ambao kila Tamasha la Filamu la Majahazi tunajaa Ngome Kongwe tumeshindwa hata hilo. Tunalipa dola 20 kusikia habari za tembo.

Shangazi alikuwa kimya muda wote huo, amekaa juu ya kreti la soda. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: "Miaka yote nimewafundisha mandhari. 'Mandhari ni Zanzibar.' Alama mbili. Nimewapa watoto alama mbili kwa mji mzima."

Kijana akamwangalia, akaniangalia. "Mama anaweza kutembea kidogo?"

Tukavuka. Sehemu kubwa ya Ng'ambo ya riwaya haipo tena, ilibomolewa baada ya Mapinduzi yakajengwa maghorofa ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yale marefu yasiyoisha. Kijana alitupitisha nyuma yake, kwenye vichochoro vilivyobaki, akionyesha kwa mkono hapa palikuwa hivi, pale palikuwa vile, mengine aliyasikia kwa bibi yake. Aliongea mara mbili ya asubuhi, na bila kusita. Bei hatukupatana, nilimlipa sawa na ile ya asubuhi, akaikataa mara moja, ya pili akaichukua.

Kwenye kibaraza kimoja bibi alikuwa anakaanga kachori. Shangazi, kwa utani wa kimwalimu, akamwamkia kisha akauliza: "Bibi, eti nyumba ya Mwajuma ni ipi?"

Yule bibi hakuinua macho karaini. "Mwajuma yupi, bibie? Hapa wapo watatu."

Shangazi akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akavua viatu, akakaa kibarazani, akaagiza kachori tatu.