Mwenye Chipu Si Muuza Vipuri Tena

Wapo wanaodai kwamba kampuni za chipu ni wauza vipuri tu, na kwamba kampuni za seva kama Dell, HPE na Supermicro hazina la kuhofia kwa kuwa hakuna anayegombana na wateja wake. Dai hili limepitwa na wakati. Kampuni ya chipu ya Nvidia ilianza kuuza seva yake, DGX-1, mwaka 2016. Mwaka 2020 ikakamilisha ununuzi wa Mellanox, ikamiliki na vifaa vya mtandao. Mwaka 2024 ikatangaza GB200 NVL72: kabati zima lenye prosesa 72 za michoro na prosesa kuu 36, nyaya na mfumo wa kupoza kwa kimiminika vikiwa vimeshapangwa. Hicho ni kipuri gani?

Hoja dhaifu kuliko zote inahusu AMD, kampuni nyingine ya chipu. Tunaambiwa kwamba kwa kuinunua kampuni ya seva ya ZT Systems kisha kuviuza viwanda vyake kwa kampuni ya utengenezaji ya Sanmina, AMD ilithibitisha kuwa haitaki ushindani. Wasemao hivyo hawakutazama kilichobaki: wahandisi wanaosanifu seva hawakuuzwa. AMD iliachia kazi ya kukaza skrubu, ikashika usanifu, na thamani iko huko. Katika mwaka wa fedha wa 2025, faida ghafi ya Nvidia ilizidi asilimia 70 ya mauzo. Ya Supermicro haikufika 15. Watajibu kwamba Dell bado inauza seva kwa wingi. Ni kweli, lakini anayeuza kabati lililosanifiwa na mwingine anafanya kazi kwa masharti ya huyo mwingine. Mshindani hana haja ya kukufungia duka. Akikupangia cha kuuza, ameshakupangia na faida.