Afya ya Nyumbani: Kivimbe Kidogo cha Shingoni

Mwezi huu twataka kunena habari za tezi ya shingo, ile ikaayo mbele ya koo mfano wa kipepeo. Watu wengi, hasa wanawake, huwa na vivimbe vidogo ndani yake, na vilivyo vingi si kansa. Lakini neno hilo likitajwa nyumbani, usingizi huondoka. Kwa hiyo yafaa tujue kila chombo chaweza kuona nini.

Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, haina mionzi, nayo huonyesha hata kivimbe cha milimeta chache: mipaka yake, weusi wake, na chembe za chokaa zilizomo. Sitii hutumia mionzi ya eksirei. Hufaa kuona kama kansa imefika kwenye bomba la pumzi au kifuani, ila kivimbe kidogo chaweza kuipita. Picha za sumaku kwa jambo hili hazishindi altrasaundi. Picha za dawa yenye mionzi huonyesha kazi ya tezi, lakini kivimbe kisichofika sentimeta 1 hazikioni vema. Basi kwa kilicho kidogo altrasaundi hutangulia. Hata hivyo haihukumu peke yake, bali sindano nyembamba hutoa chembe zitazamwe kwa hadubini.

Tena, macho makali yana hatari yake. Katika Korea ya Kusini watu wengi wasiougua walipimwa shingo, hata mwaka 2011 kansa hiyo ikagunduliwa mara 15 kuliko mwaka 1993, wala vifo havikupungua. Wengi walikatwa tezi, wakawa watu wa kumeza dawa maisha yao yote. Huko Japani, hospitali ya Kuma mjini Kobe ilianza mwaka 1993 kuwaangalia wenye kansa ndogo zisizo na dalili mbaya, ikiwapima mara kwa mara pasipo kuwapasua. Na kansa zilizo nyingi hazikukua.

Basi, wazazi na walimu, tusieneze hofu, wala tusifundishe uzembe. Mwenye uvimbe unaokua, au sauti iliyokwaruza siku nyingi, au taabu ya kumeza, na aende hospitali upesi. Naye aliyeambiwa ana kansa ndogo, na amwulize daktari kwa adabu: Ukubwa wake ni kiasi gani? Iko karibu na nini? Je, yawezekana kuitazama kwanza? Kuuliza hivyo si kukosa imani. Ni kuutunza mwili tuliopewa na Mungu.