Aliye Nyumbani Tu

Iko sifa moja tunayopenda kujisifu mbele ya wageni, na tukikosa wageni twajisifu sisi kwa sisi. Twasema ya kuwa Mwafrika hamtupi mzee wake. Sifa hii husemwa mikutanoni, hutiwa katika hotuba, na wanafunzi huiandika katika insha zao kama jambo lisilotaka ushahidi. Naipinga. Siipingi kwa sababu ni uongo; naipinga kwa sababu gharama yake hulipwa na mtu mmoja, na wasifiwao ni wengine.

Itazame nyumba yenye mzee asiyejiweza. Amepatwa na kiharusi, na upande mmoja wa mwili umelala. Ili asipate vidonda vya malazi yapasa ageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana. Yapasa aketishwe wima alishwe tonge dogo dogo, maana mgonjwa wa namna hiyo huweza kupaliwa, chakula kikaingia mapafuni. Yapasa aogeshwe, abadilishwe nguo, apewe dawa ya shinikizo la damu kwa saa yake, na asemeshwe kama mtu, kwa kuwa ni mtu. Sasa hesabu mikono inayofanya kazi hii. Mara nyingi ni miwili tu, nayo ni ya binti asiyeolewa, au aliyeachwa, au mke wa mwana, au mjukuu aliyetolewa shule. Ukiuliza huyu afanya kazi gani, utajibiwa, "Hana kazi, yuko nyumbani tu."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wahenga waliosema hivyo walitujua vema.

Sisi tufundishao lugha tuna fungu letu katika lawama hii. Kitenzi cha kuugua huzaa kuuguza, na umbo lake ni la kusababisha, kama kulala kunavyozaa kulaza. Kwa umbo lingekuwa neno la kumtia mtu ugonjwa. Kwa maana ni neno la kumhudumia mgonjwa. Wanafunzi hulistaajabia, nasi twalieleza kwa kanuni, kisha twafuta ubao. Katika kitenzi hicho limetoka jina la muuguzi, na jina hilo tumelikabidhi hospitali. Muuguzi wa hospitali amesomea kazi yake, ana zamu, ana mshahara, ana likizo, na yote hayo ni haki yake. Wa nyumbani amebakiwa na kazi, jina limemtoka. Asiye na jina hapangiwi zamu, na asiyepangiwa zamu hapumziki.

Fasihi nayo haikupona. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo mwaka 1858, ni wosia wa mama mgonjwa kwa binti yake. Twaufundisha mwaka hata mwaka. Tumebishana juu ya mume, utii, dini na vina. Sijapata kusikia darasani, wala darasani mwangu, mtu akiuliza ni nani aliyempa mama yule maji katika ugonjwa wake. Mtu atasema swali hilo si la fasihi. Nami namwuliza, fasihi isiyoliona jambo hili yamtazama binadamu yupi?

Mimi mwenyewe ni mshitakiwa katika kesi hii. Mama yetu alipolala kitandani, mimi nilikuwa nikiandika tasnifu. Nilituma fedha kila mwezi, na kila nilipozituma nilijiona mwana mwema. Dada yangu aligeuza, aliosha, alilisha na alikesha kwa miaka sita. Siku ya maziko watu walinishika mkono mimi. Walisema mama amebahatika kuwa na mwana msomi. Dada alikuwa uani akikosha vyombo, na mgongo wake haujanyooka vema hata leo.

Watasema wengine ya kuwa kazi hii ina thawabu, na kuitajia zamu na fedha ni kuichafua. Qurani na Biblia zimeamrisha wema kwa wazazi, wala amri hiyo haikuandikiwa binti mmoja wa nyumba. Kama ni thawabu, mbona wana wa kiume hawaigombei?

Wengine watasema nataka tujenge nyumba za wazee kama Ulaya. Sijasema hivyo. Nasema ya kuwa anayeogopa mzee kupelekwa penye wageni na amwendee yeye, akae naye usiku mmoja.

Tena wako wasemao, "Ni uzee tu." Neno hili dogo lina madhara makubwa. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2010 wilayani Hai, Kilimanjaro, ulionyesha ya kuwa kiasi cha watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na maradhi ya ubongo yanayopoteza kumbukumbu. Mzee mwenye maradhi hayo aweza kula sasa hivi, kisha akamlalamikia jirani kuwa ameshindishwa na njaa. Aweza kumwita binti yake mwizi. Jirani husadiki, ndugu walio mbali hupiga simu kwa ukali, na yule mwuguzaji hushitakiwa kwa wizi wa chakula alichokipika mwenyewe. Laiti wangelijua ugonjwa, wasingelimhukumu mtu.

Serikali nazo zimefanya jambo. Tanzania ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwapa pensheni wote waliotimiza miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ule. Hayo ni mema, tena yaongezwe. Lakini fedha hiyo ni ya mzee, na sera yaitegemea familia. Familia nayo, tukiifunua, twamkuta tena yule yule aliye nyumbani tu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 wenye miaka 60 na zaidi walikuwa kiasi cha milioni 3.5 Tanzania. Mgongo mmoja mmoja hautawachukua.

Wala hatuwezi kusema hatujui kushirikiana. Harusi ikikaribia twaunda kamati, ina mwenyekiti, mweka hazina na daftari la michango. Msiba ukitokea, kabla ya jua kuchwa turubai limefungwa na daftari limefunguliwa. Kati ya harusi na msiba kuna miaka ya kitanda, na miaka hiyo haina kamati. Na iundwe. Daftari liandikwe fedha, na liandikwe pia siku: nani analala kwa mzee Jumamosi, nani anachukua likizo yake ya mwaka ili dada apate yake. Zahanati imfundishe mwuguzaji kumgeuza mgonjwa bila ya kuvunja mgongo. Na mkono mmoja, usiolea mwana, tusiuachie mzee.

Hadi hapo sitaandika tena, wala sitamsahihishia mwanafunzi alama ya ndiyo, katika insha isemayo kuwa hatuwatupi wazee wetu. Nitaandika pembeni kwa wino mwekundu: Nani aliyemgeuza jana usiku?