FUMBO LA JUMA: MANENO YALIYOJIFICHA NDANI YA KILOMBERO

Wasomaji wapenzi, na hasa ninyi wazazi wenye watoto wanaokaribia kumaliza shule ya msingi: fumbo la juma hili ni la nyumba nzima, la kuchezwa baada ya chakula cha usiku. Hata bibi asiyejua neno moja la Kiingereza anayo kazi yake, tena kazi kubwa.

Taabu yenyewe mwaijua. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na mpaka leo ndivyo ilivyo katika shule nyingi za vijijini. Lakini mtoto akiingia kidato cha kwanza, hesabu, jiografia na bayolojia zote humjia kwa Kiingereza. Yule aliyekuwa hodari kijijini sasa anakaa kimya darasani, si kwa kukosa akili, bali kwa kukosa maneno. Mchezo huu hautaiondoa taabu yote, lakini humzoeza mtoto kuyatazama maneno ya Kiingereza bila woga.

Basi, twaeni boksi kuukuu, mkate vipande 9 vidogo, na juu ya kila kipande mwandike herufi moja ya jina la bonde letu: K, I, L, O, M, B, E, R, O. Sharti ni hili: herufi haitumiki zaidi ya mara ilivyo mezani. O zipo 2. Nyingine zote ni moja moja.

Anzeni kwa Kiswahili, ili wadogo washike njia. Mtapata leo, lori, robo, mbio, kombe na kero. Mkisha kuzoea, geukieni Kiingereza.

Hapo ndipo kazi ya bibi inapoanza. Yeye ndiye hakimu. Kijana atapaza sauti, "Broiler!" yaani kuku wa nyama wa kisasa. Bibi amwambie, "Lipange." Kijana atapanga, na kumbe neno lataka R 2, nasi tunayo moja tu. Limekataliwa! Lakini akiiondoa R ya mbele atapata boiler, chombo cha kuchemshia maji, na hilo ni halali. Vipande havisemi uongo, wala havimwogopi msomi.

Je, mtoto wetu hukwama wapi? Hukwama kwa sababu ya mazoea mema ya lugha yake. Kiswahili hupenda kumaliza neno kwa irabu: kitabu, shamba, mpunga. Kwa hiyo mkono wake hutafuta irabu ya kufungia neno. Kiingereza hakina sharti hilo. Milk, yaani maziwa, hufungwa kwa konsonanti 2. Mwambieni basi ajaribu kumaliza kwa K, kwa L, kwa M, aone yanayotokea: book ni kitabu, look ni kutazama, oil ni mafuta, room ni chumba, broom ni ufagio.

Njia ya pili ni E ya mwisho. Mara nyingi haisemwi, lakini hubadili sauti ya irabu iliyotangulia. Rob ni kunyang'anya. Tia E mwishoni, upate robe, yaani joho. Kwa njia hiyo hiyo mtapata like, kupenda, mile, maili, bike, baisikeli.

Njia ya tatu ni kukumbuka kwamba Kiingereza huandika herufi nyingine pasipo kuzitamka. Limb ni mkono au mguu, na B yake haisikiki kamwe. Anayeandika kwa kufuata sikio tu ataikosa. Wenye macho makali watafute neno la herufi 7: embroil, kumtia mtu katika ugomvi.

Michezo ya namna hii ina mabingwa wake duniani. Mwaka 2015 Wellington Jighere wa Nigeria alishinda mashindano ya dunia ya Scrabble ya Kiingereza huko Perth, Australia, akawa Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka huo huo Nigel Richards wa New Zealand aliwashinda wenye Kifaransa chao katika Scrabble ya Kifaransa, naye mwenyewe hakuwa akisema Kifaransa! Alikuwa amekariri maneno ya kamusi tu.

Tumsifu kwa kumbukumbu yake, lakini watoto wetu wasimfuate katika hilo. Mwalimu wa kidato cha kwanza hataki herufi zilizopangwa vizuri. Ataka kijana aelewe na kujibu. Ninyi watu wa bonde la mpunga mwajua kwamba gunia la makapi laweza kujaa kama gunia la mchele, ila halipikiki. Neno lisilo na maana ni kapi. Kwa hiyo hesabuni hivi: neno tupu, alama 1; neno na maana yake, alama 2; neno ndani ya sentensi, alama 3. Mkishindana juu ya maana, fungueni kamusi. Kama haipo nyumbani, andikeni neno kwenye karatasi, mtoto amwulize mwalimu kesho yake.

Haya sasa, kazi ya juma hili. Tafuteni maneno ya Kiingereza yenye maana hizi.

Katika IFAKARA: (1) hewa, (2) mbali, (3) safina ya Nuhu, (4) -a haki.

Katika MAHENGE: (5) jina, (6) mchezo, (7) kuku jike, (8) kutundika.

Katika MLIMBA: (9) mwana-kondoo, (10) barua ziletwazo na posta.

Majibu haya hapa, lakini baba ayafunike kwa kiganja mpaka wote wamalize: 1. air, 2. far, 3. ark, 4. fair, 5. name, 6. game, 7. hen, 8. hang, 9. lamb, 10. mail.

Mkisha kumaliza, andikeni jina la kijiji chenu wenyewe, mkatafute humo. Kazi kwenu!