Kutoa plasta kusiache kidonda kipya

Mtu aliyevunjika mguu kwa ajali ya pikipiki Lubumbashi huhesabu wiki akingoja kutolewa plasta. Siku hiyo isimletee kidonda kingine. Msumeno wa umeme wa plasta hauzunguki, unatetemeka tu. Ndiyo maana haukati ngozi kwa urahisi. Lakini meno yakichakaa, pamba ya ndani ikiwa nyembamba, ao msumeno ukiburutwa, unapata moto na kuunguza. Muuguzi aushushe na kuuinua, kisha auzime mara kwa mara upoe. Mtoto akilia kwamba anaungua, asiambiwe avumilie: kazi isimame kwanza. Wakuu wa hospitali wabadilishe meno yaliyochakaa. Nazo familia, Katuba ao Kampemba, zisikate plasta kwa kisu nyumbani zikikwepa malipo. Kutibu jeraha hugharimu zaidi.