Si Kila Kumbukumbu ni Kasumba

Katika mtaa mmoja wa Mwembeyanga, wilayani Temeke, ipo Chevrolet Impala ya mwaka 1959 iliyowekwa juu ya mawe. Matairi yake yalikwisha kuoza, kioo cha nyuma kimezibwa kwa bati, na kuku hutaga chini ya kiti cha dereva, ambacho kiko upande wa kushoto kama ilivyo desturi ya magari ya Wamarekani. Lakini yale mabawa yake mawili ya nyuma, mapana kama ya ndege anayetaka kuruka, yangali yametanda. Mwenyewe, mzee aliyestaafu ualimu, huyapangusa vumbi kila asubuhi kabla ya kunywa chai.

Mwezi uliopita alikuja mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake. Watoto wa mzee waliafiki, mzee akakataa. Nilipolisimulia jambo hili kazini, ndugu mmoja alisema kwamba hiyo ni kasumba tupu: mwalimu aliyepata kulifundisha Azimio la Arusha darasani leo anaomboleza gari la bepari! Neno lile limenikaa moyoni kwa siku nyingi, nami naona kwamba ndugu yule ana haki nusu.

Haki yake ni hii. Magari yale yalikuwa biashara ya ndoto. Kampuni ya Oldsmobile iliipa injini yake ya mwaka 1949 jina la roketi, na Cadillac ya mwaka 1959 iliwekewa taa za nyuma mfano wa moto wa roketi, ili mtu aendaye sokoni kununua nyanya ajione anapaa angani. Impala ina urefu unaopita mita tano, na kiu yake ya petroli haina haya. Kwa nchi iliyonunua mafuta yake yote ng'ambo, huo ulikuwa ufahari wa gharama kubwa. Wazee wetu hawajasahau kwamba baada ya bei ya mafuta kupanda katika miaka ya 1970, magari ya watu binafsi yalipigwa marufuku barabarani siku ya Jumapili baada ya saa nane mchana.

Na huko angani nako? Julai 1969, Armstrong na Aldrin walipokanyaga Mwezi, serikali iliyowapeleka ilikuwa ikiendelea na vita vyake Vietnam. Hapa Dar es Salaam, tarehe 3 Februari mwaka huo huo, Eduardo Mondlane aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Mji uliokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU tangu mwaka 1963 ulikuwa na msiba wake. Ndiyo maana ile kauli inayonasibishwa na Mwalimu, kwamba wakati wengine wanajitahidi kufika Mwezini sisi tunajitahidi kufika vijijini, haikuwa mzaha hata kidogo.

Hata hivyo, ndugu yangu alikosea alipodhani kwamba mzee yule anaililia Marekani. Nilikwenda kumsikiliza. Gari alilinunua likiwa limekwisha kuchoka, kutoka kwa mgeni aliyekuwa akirejea kwao. Spea zake hazikupatikana. Mafundi wa gereji bubu walichonga bushi kwa mkono, wakatia kabureta ya gari jingine, likaenda miaka kumi na moja zaidi. Juu ya boneti yake mzee aliwachorea wanafunzi kwa chaki njia ya chombo kinachoizunguka dunia. Anachokikumbuka ni wakati ambapo mwalimu wa Temeke aliweza kulieleza jambo kubwa la dunia kama jambo linalomhusu.

Nalo lilimhusu kweli. Mwaka 1960 Uingereza, iliyokuwa ingali ikiitawala Zanzibar, iliiruhusu Marekani kujenga Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya anga, pande za Tunguu na Chwaka. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliizunguka dunia mara tatu, kila mzunguko ukichukua muda usiofika saa moja na nusu. Kituo kimoja kiliweza kumpata kwa dakika chache tu, kisha hana budi kupokewa na kingine: Kano nchini Nigeria, halafu Zanzibar, halafu meli katika Bahari ya Hindi, na hatimaye Australia. Baada yake walipita Carpenter na Schirra mwaka ule ule, na Cooper Mei 1963.

Wazanzibari hawakuulizwa. Chama cha ZNP kilikipinga kituo kile kwa maandamano, watu wakihofia kwamba visiwa vitaingizwa katika vita vya wakubwa. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, Serikali ya Mzee Karume ilitaka kiondolewe, kikaondolewa mwaka huo huo. Kwa maoni yangu ilikuwa haki: taifa huru halipangiwi na mkoloni aliyeondoka. Lakini kuondoa mitambo si kuondoa habari yake. Je, ni walimu wangapi wanaofundisha kwamba mwanaanga wa kwanza wa Marekani kuizunguka dunia alipokewa kutoka Unguja? Mimi nilihitimu Mlimani bila kulisikia.

Kama tunaitafuta kasumba, tusiitafute juu ya mawe ya Mwembeyanga. Tuitafute penye shangingi linalounguruma saa nzima nje ya ofisi ili kiti cha mkubwa kisipate joto, kwa mafuta ya umma, huku walimu wakigombea mlango wa daladala. Gari lile halina hata mtu anayelipenda, kesho litabadilishwa.

Rai yangu kwa walimu wa sekondari ni ndogo. Waliokuwa vijana Tunguu mwaka 1962 sasa wamepita miaka themanini. Wapelekeeni wanafunzi wenye daftari na kalamu mwaka huu, wala msingoje mwongozo.

Ama mzee wa Mwembeyanga, amekwisha kukataa mara mbili. Mwanawe mkubwa ameniambia kwamba mara ya tatu hatamwuliza.