Tumjue Mwanaidi Kwanza, Harusi Baadaye



Binti wa dada yangu, bibi harusi wa mwaka jana hapa Mtwara, anatunga hadithi ya kusomwa kwenye simu: picha zinapita, wahusika wanazungumza, nawe msomaji unamchagulia mhusika la kufanya. Anatumia Ren'Py, programu ya bure ya kutungia hadithi za aina hiyo. Juzi alinitumia muhtasari, yale maneno machache ambayo mtu huyasoma kabla ya kuamua kuipakua:

“Katika ufukwe mweupe wa Msimbati, Mwanaidi, msichana mrembo, anajiandaa kwa harusi ya kukata na shoka. Lakini usiku wa harusi, siri nzito yafichuka…”

Nikamuuliza, “Mwanangu, huyu Mwanaidi ni nani hasa?”

Hapo akaanza kunieleza, na mie nikasahau chai yangu. Mwanaidi ni yatima, kalelewa na mjomba wake mvuvi. Mahari imeletwa, naye mjomba ameshaitumia kununua mashine ya boti. Mwanaidi alitaka anunue cherehani. Anampenda mjomba wake, na anajua mahari ni haki yake.

“Na ile siri ya usiku wa harusi?”

“Haipo, mama mdogo. Nimeiweka ili watu wavutike.”

Hapo ndipo sikubaliani naye. Mtume (S.A.W.) alipoingiza mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta chini kumelowa, alimkemea muuzaji kwa kuficha ubovu. Muhtasari nao ni sehemu ya juu ya lundo. Msomaji aliyeitwa kwa siri asiikute atahisi kadanganywa, na yule ambaye kisa cha mahari kingemgusa atapita bila kujua kuwa kipo.

Utasema, bila siri nani atasoma? Nami nakwambia, huku Kusini, ambako Wamakonde kwa asili hufuata ukoo wa mama, neno la mjomba ni zito. Mtaje mjomba na ile mashine ya boti, uone kama kuna binti atakayeiweka simu chini.

Muhtasari wa hadithi inayobebwa na mhusika unahitaji mambo manne: ni nani, anataka nini, nani anamzuia, na uamuzi gani unamngoja. Kisha unyamaze, mwisho mwachie msomaji. Tukaandika upya:

“Mwanaidi wa Msimbati hajawahi kumwambia mjomba wake ‘hapana’. Ndiye aliyemlea. Sasa zimebaki siku tisa aolewe, na mahari aliyotarajia kununulia cherehani imegeuka mashine ya boti. Adai haki yake, atafute wa kumsemea, au asamehe? Chagua naye.”

Uzuri wa sura yake haumo, wala hakuna aliyeuulizia.

Dada zangu, hata posa zetu zina muhtasari. Tunasema binti ni mzuri, ametulia, anajua kupika. Anachokitaka yeye hakitajwi, mpaka siku anapokidai tukashangaa katoa wapi ulimi. Unayemtambulisha binti, katika hadithi au barazani, anza na anachokitaka.

Wabillahi tawfiq.